Draya iliyosoma joto lisilokuwepo: kisa cha ishara ya volti na ishara ya miliampea katika kiwanda cha chai Mufindi

Malalamiko yalikuwa mafupi. Skrini ya chumba cha udhibiti inaonyesha nyuzi joto 100 kwenye hewa inayoingia draya, yaani mashine ya kukaushia chai, kiwango kilekile kilichowekwa, lakini chai inatoka ikiwa bado na unyevu. Chai nyeusi inatakiwa itoke draya ikiwa na unyevu wa kama asilimia 3. Ikizidi sana hapo, inaendelea kubadilika ikiwa ndani ya mfuko, inapoteza harufu na ukali wake, na ikikaa muda mrefu inaweza kuota kuvu. Huku Mufindi, mkoani Iringa, Tanzania, majani mabichi hufika kwa wingi wakati wa mvua, na jani likishachumwa halimsubiri mtu. Draya usiyoweza kuiamini msimu huo ni hasara ya kila saa.

Kiwanda chenyewe sitakitaja. Ninakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu swali lililokuwa chini yake, yaani tutumie ishara ya volti 0 hadi 10 au ya miliampea 4 hadi 20, mafundi wengi huwa wanalijibu kwa kanuni ya mdomo tu: mbali tumia mkondo (yaani miliampea), karibu tumia volti. Kanuni hiyo si mbaya, ila haikueleza kilichokuwa kinatokea pale, na haikutuambia tufanye nini.

Mpangilio ulivyokuwa

Boila inachoma kuni za mikaratusi, mvuke unakwenda kwenye rejeta kubwa, yaani mabomba ya kupashia hewa joto, feni inasukuma hewa kupitia rejeta hiyo, na hewa ya moto inaingia chini ya trei za chai. Kati ya rejeta na draya kuna dampa, yaani kilango, ya hewa baridi. Ikifunguka, hewa ya nje inachanganyika na ya moto na joto linashuka. Ikifunga, joto linapanda. Dampa inazungushwa na mota ndogo ya volti 24 za umeme wa moja kwa moja, ile aina inayotumika sana kwenye mitambo ya kupoza hewa ya majengo. Hatua chache kutoka kwenye dampa kuna sensa ya joto ya aina ya Pt100 (ukinzani wake hubadilika kadiri joto linavyobadilika) iliyochomekwa kwenye njia ya hewa, ikiwa na kisanduku chake cha kugeuza joto kuwa ishara.

PLC, yaani kompyuta ya kudhibiti mitambo, iko kwenye paneli upande wa pili wa kiwanda. Kwa njia inayopita kebo, kupanda kwenye kenchi, kuzunguka ukumbi wa kunyaushia na kushuka tena, ni kama mita 150. Kebo yenyewe ina nyaya nne za milimita za mraba 0.75, na kila waya ulikuwa na kazi yake. Wa kwanza ulipeleka volti 24. Wa pili ulikuwa komoni, yaani sifuri ya volti. Wa tatu ulirudisha ishara ya joto, volti 0 hadi 10 kwa nyuzi 0 hadi 150. Wa nne ulipeleka amri ya PLC kwa mota ya dampa, nayo ya volti 0 hadi 10. Hakuna waya uliobaki.

Aliyeufunga mfumo huo hakufanya uzembe. Mota ya dampa ilikuwa inapokea volti, kadi ya PLC ilikuwa inapokea volti, na sensa ya volti ndiyo iliyopatikana dukani kwa haraka. Ishara ya volti pia ina raha yake: unaweka ncha mbili za multimita juu ya terminali, unasoma, umemaliza, bila kufungua waya wowote. Siku ya kukabidhi, draya ilikuwa imepoa na dampa imetulia. Mtu akipima hali hiyo anaona kila kitu kiko sawa, na kweli kilikuwa sawa.

Washukiwa wa mwanzo

Mshukiwa wa kwanza alikuwa inveta, kifaa cha kubadilisha kasi ya mota. Feni za kunyaushia na za draya zinaendeshwa na inveta, na inveta hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, kwa hiyo nyaya zake za mota hutoa vurugu kubwa ya umeme. Kebo ya ishara ilikuwa imelala kwenye trei moja na nyaya hizo kwa sehemu ndefu ya safari. Kwa macho tu, hukumu ilikuwa rahisi. Kebo ikabadilishwa, ikawekwa yenye wavu wa shaba, nyaya nne vilevile, ikatengewa trei yake, na wavu ukafungwa ethi upande wa paneli peke yake ili usije ukawa njia ya mkondo kati ya ethi mbili. Kazi nzuri, na iliyostahili kufanywa hata hivyo. Skrini ikaacha kuchezacheza katika desimali, lakini chai ikaendelea kutoka mbichi.

Mshukiwa wa pili alikuwa sensa. Ikabadilishwa, hakuna tofauti.

Halafu likaja suluhisho la kwenye programu. Namba ya joto ikawa inatolewa wastani wa sekunde kadhaa, na nguvu ya kidhibiti ikapunguzwa. Hili ndilo linalonisumbua zaidi katika kisa kizima, kwa sababu linafanyika kila mahali. Wastani unaondoa kile kinachopanda na kushuka haraka. Hauwezi kuondoa kosa linaloegemea upande mmoja. Baada ya hapo skrini ilikuwa na mstari mzuri ulionyooka kwenye 100, na ushahidi wa pekee ambao ungetuonyesha tatizo ukafutwa kwenye kioo.

Aliyetutoa gizani ni mama anayesimamia draya, mtu aliyekaa na mashine hiyo tangu enzi za kufungua dampa kwa mkono. Ubavuni mwa draya bado kuna kipimajoto cha zamani cha mshale, hakina waya, hakiendi popote. Fundi kijana wa zamu alimkuta hapo asubuhi ya ukungu.

"Kamwene, mama. Mshale unasema ngapi?"

"Kamwene, baba. Haufiki tisini. Na chai nayo inasema haujafika tisini." Kisha akaonyesha dampa kwa kidole. "Na hiyo mota yenu haipumziki. Inajitikisa, inatulia kidogo, inajitikisa tena. Zamani haikuwa hivyo."

Hapo tukawa na vitu viwili vya kushika: tofauti ya zaidi ya nyuzi kumi kati ya mshale na skrini, na mota isiyotulia.

Jaribio

Tuliomba wastani wa kwenye programu uondolewe kwa muda. Kisha, mota ikiwa inazunguka, waya wake wa volti 24 ukachomolewa ghafla. Skrini ikaanguka kutoka 100 hadi karibu 90 papo hapo. Hewa ya moto haiwezi kupoa nyuzi kumi kwa kupepesa jicho. Kilichoshuka kilikuwa kipimo tu, joto lenyewe lilikuwa palepale.

Hatua iliyofuata ilihitaji watu wawili, multimita mbili na simu. Mmoja alikaa kwenye sensa akapima volti kati ya waya wa ishara na komoni ya pale pale. Mwingine akapima waya uleule wa ishara kwenye paneli, dhidi ya komoni ya paneli. Mota ikirudishwa na kuzunguka, kwenye sensa ilisomeka kama volti 5.9, na kwenye paneli volti 6.7. Waya mmoja, wakati mmoja, tofauti ya volti 0.8. Volti 5.9 ni nyuzi 88. Volti 6.7 ni nyuzi 100. Mshale wa mama ulikuwa unasema kweli.

Tofauti hiyo ilitoka kwenye waya wa komoni, na hesabu yake ni ya sheria ya Ohm tu. Shaba ina ukinzani wa karibu omu 0.0172 kwa kila mita ya waya wenye unene wa milimita moja ya mraba. Kwa mita 150 za waya wa 0.75, tunapata kama omu 3.4. Ni ukinzani mdogo, na kwa ishara yenyewe hauna madhara, maana ingizo la PLC linavuta mkondo mdogo mno. Lakini komoni haikubeba ishara peke yake. Mota ya dampa inapozunguka inavuta kama ampea 0.2, na mkondo huo wote unarudi kwenye paneli kwa kupitia komoni ileile. Ampea 0.2 mara omu 3.4 ni karibu volti 0.7. Sensa nayo ilikuwa inavuta kama miliampea 30 za kuendeshea kisanduku chake, ambazo zinaongeza volti 0.1. Jumla, 0.8.

Maana yake ni kwamba komoni ya sensa ilikuwa imeinuka volti 0.8 juu ya komoni ya PLC, na ishara ya sensa ilihesabiwa kuanzia hapo juu. Ni kama kupima kimo cha mtoto aliyesimama juu ya kigoda, ukaandika kimo cha mtoto na kigoda pamoja. Sensa haikukosea, na PLC pia haikukosea. Kila moja ilikuwa na sifuri yake, na sifuri hizo mbili hazikuwa mahali pamoja.

Sasa angalia kidhibiti kilivyonaswa. Tuseme joto halisi ni nyuzi 95 na mota imetulia. Skrini inasoma kama 96, baridi kidogo, kwa hiyo PLC inaamuru dampa ya hewa baridi ifunge. Mota inaanza kuzunguka, na papo hapo kipimo kinaruka hadi karibu 107. PLC inaona joto limezidi, inageuza amri, dampa inafungua. Mota bado inazunguka, kipimo bado kimeinuka, hewa baridi inaingia, mpaka skrini inafika 100. Hapo joto halisi ni 88. Mota inasimama, kipimo kinaanguka hadi 90, PLC inaona baridi, inaiamsha mota, kipimo kinaruka tena. Mota inajitikisa palepale na draya inabaki chini ya kiwango kwa nyuzi zaidi ya kumi, huku skrini ikisema mambo ni mazuri. Na kwa kuwa mota ilikuwa inafanya kazi vizuri, hakuna aliyeitazama kama mshukiwa.

Njia zilizokuwepo

Tulizipima njia kadhaa, na kila moja ingeweza kufanya kazi.

Ya kwanza ni kubaki na volti lakini kumpa kila mtu komoni yake: mkondo wa mota urudi kwa waya wake, na sensa iwe na wake. Hii ingeondoa sehemu kubwa ya kosa, lakini nyuzi moja na nusu inayotokana na mkondo wa sensa yenyewe ingebaki. Kubwa zaidi, kebo haikuwa na waya wa tano. Ingebidi kuvuta kebo nyingine mita 150 juu ya kenchi, msimu wa majani.

Ya pili ni kutumia ingizo la PLC linalopima tofauti kati ya nyaya mbili bila kuutegemeza wa pili kwenye komoni ya paneli, na kuvuta waya wa marejeo usiobeba mkondo wowote hadi kwenye komoni ya sensa. Kiufundi ni njia safi. Bado inataka waya wa tano.

Ya tatu ni kusogeza ugavi wa umeme, yaani kufunga kisanduku cha kutoa volti 24 karibu na draya kwa ajili ya mota. Kinaongeza kifaa cha kutunzwa mahali penye joto na vumbi la chai, na ukungu wa Mufindi unaingia kwenye kila kisanduku ambacho kifuniko chake hakijakazwa vizuri. Na njia hiyo peke yake haiondoi tatizo la komoni mbili. Ukiziunganisha, mkondo unapata njia mpya. Ukiziacha tofauti, amri ya volti kutoka PLC inakosa pa kusimamia.

Ya nne ni kuhamia mkondo, na ndiyo iliyochaguliwa. Sababu kubwa haikuwa umbali wala inveta. Ilikuwa ni kwamba kwa mkondo, zile nyaya nne zilizopo zinatosha.

Kwa nini zinatosha

Transimita ni kile kisanduku cha kugeuza joto kuwa ishara, na ile ya nyaya mbili haina waya wa umeme na waya wa ishara tofauti. Inakula na kuongea kwa njia moja. Inapewa volti 24, na inaruhusu mkondo upite kwa kiasi kinachowakilisha joto: miliampea 4 kwa nyuzi 0, miliampea 20 kwa nyuzi 150. Miliampea chini ya 4 zinamtosha kujiendesha, ndiyo maana kipimo hakianzi 0. Desturi hiyo ya kuanza juu kidogo ni ya zamani kuliko elektroniki za leo. Vidhibiti vya hewa ya kubana vilitumia shinikizo la psi 3 hadi 15, na ukitazama utaona uwiano ni uleule, moja kwa tano.

Waya wa volti 24 uliokuwepo ukaendelea kulisha mota na transimita pamoja. Waya wa ishara ukawa wa kurudishia mkondo kutoka kwenye transimita hadi ingizo la PLC, ambalo ndani yake lina rezista, kipande chenye ukinzani maalumu, ya omu 250 kwenda komoni ya paneli. Komoni ya zamani ikaachiwa mota. Transimita haikuunganishwa nayo kabisa. Waya wa amri ukabaki wa amri.

Volti 0.7 zinazopotea mota ikizunguka bado zipo. Zinapotea hata kwenye waya wa 24 ambao transimita inautegemea. Lakini transimita haijali. Hesabu yake iko hivi: tunaanza na volti 24. Tunatoa 0.7 za mota. Kwa miliampea 20, nyaya zinakula karibu 0.14, na rezista ya omu 250 inakula volti 5. Inabaki kama volti 18 kwenye terminali za transimita, na aina tuliyotumia inahitaji angalau 12. Akiba ipo tele. Volti ikipanda au kushuka ndani ya akiba hiyo, transimita inajirekebisha yenyewe ili mkondo ubaki uleule, na PLC inasoma mkondo. Nyuzi 100 ni miliampea 14.67 kwenye sensa na ni miliampea 14.67 kwenye paneli, maana mkondo unaopita kwenye njia moja isiyo na matawi hauwezi kuwa tofauti mwanzoni na mwishoni.

Hapo ndipo pia ilipo faida ya kweli dhidi ya vurugu za inveta, ambayo mara nyingi inaelezwa vibaya. Usumaku wa nyaya za mota unapojipenyeza kwenye kebo, unazaa volti ndani ya mzunguko. Katika ishara ya volti, volti hiyo ngeni inajijumlisha na ya sensa, na karibu yote inaonekana kwenye ingizo la PLC, kwa sababu ingizo hilo ndilo lenye ukinzani mkubwa kuliko vyote katika mzunguko. Katika ishara ya mkondo, mwenye ukinzani mkubwa ni transimita. Volti ngeni inaishia kwake, na omu 250 za PLC zinapata chembe tu. Hii haimaanishi uchanganye nyaya za ishara na za inveta kwenye trei moja ukidhani mkondo utakuokoa kila siku. Kutenganisha trei na kufunga wavu vizuri vinabaki.

Upande wa dampa

Wengi wangesimama kwenye sensa, na mota ingeendelea kujitikisa. Amri ya volti 0 hadi 10 inasomwa na mota kutoka kwenye komoni yake, ile inayoinuka volti 0.7 kila inapozunguka. Kwa hiyo mota ikianza kwenda, amri inaonekana imepungua kwa asilimia 7. Inasimama kabla ya kufika, amri inarudi juu, inaanza tena. Huo ndio mtikisiko ambao mama aliuona, au angalau nusu yake.

Dawa yake ilikuwa rezista moja ya omu 500. PLC iliwekwa itoe miliampea 4 hadi 20 badala ya volti, na rezista ikafungwa pale pale kwenye mota, kati ya terminali ya amri na komoni yake. Miliampea 4 katika omu 500 ni volti 2, miliampea 20 ni volti 10. Mota ilikuwa na swichi ndogo ya kuchagua volti 0–10 au 2–10, ikawekwa 2–10. Komoni ikiinuka, PLC inasukuma kidogo zaidi ili mkondo ubaki palepale, na volti juu ya rezista haibadiliki. Kabla ya kufunga tulihakikisha kadi ya kutoa ishara ina uwezo huo: miliampea 20 katika omu 500, pamoja na waya na zile 0.7, zinataka karibu volti 11, na kadi ilikuwa inaweza kuendesha omu 600.

Waya ukikatika

Hili lingetosha peke yake kuamua, hata kama hesabu nyingine zote zingekuwa sawa pande mbili. Katika mfumo wa zamani, waya wa ishara ukichomoka kwenye skrubu, PLC inaweza kusoma volti 0, yaani nyuzi 0. Nayo, kwa uaminifu wake wote, ingefunga hewa baridi yote na kuipeleka draya kwenye joto la juu kabisa ambalo mvuke unaweza kutoa. Ndani ya draya kuna chai kavu na vumbi la chai, na vumbi hilo linawaka.

Kwa miliampea 4 hadi 20, waya uliokatika ni miliampea 0, na hiyo si joto lolote. Pendekezo la NE 43 la NAMUR, umoja wa watumiaji wa vidhibiti wa viwandani ulioanzia Ujerumani, linatoa mipaka: kipimo halali kiko kati ya miliampea 3.8 na 20.5, na chini ya 3.6 au juu ya 21 ni hitilafu. Programu ikaandikwa hivyo. Ikisoma chini ya 3.6 inapiga kengele na kuamuru dampa ifungue hewa baridi yote. Tuligeuza pia mwelekeo wa mota ili amri ya chini iwe hewa baridi wazi, hivyo hata waya wa amri ukikatika, dampa inakwenda upande wa kupoza.

Ninaposikia kiwanda kinachagua ishara kwa bei ya sensa peke yake, ninawaomba waende wasimame mbele ya draya na wajiulize swali hilo moja tu: waya huu ukikatika saa nane usiku, mashine itaelekea wapi?

Volti ilipobaki

Hatukubadilisha kila kitu. Ndani ya paneli, PLC inapeleka kasi kwa inveta za feni kwa volti 0 hadi 10, waya wa mita moja hivi, na mkondo wa kifaa kingine haupiti kwenye komoni hiyo. Kugeuza hizo kungekuwa kujitafutia kazi. Kitufe cha kuzungusha cha kurekebisha kasi kwa mkono kwenye mlango wa paneli ni volti, na kitabaki volti. Ishara ya volti ni nzuri pia pale unapotaka vifaa viwili au vitatu visome kitu kimoja kwa kuvifunga sambamba. Mkondo haugawiki hivyo. Ni lazima vifungwe kwa mfuatano, kila kimoja kikila volti zake kwenye akiba, na ukikichomoa kimoja umevizima vyote.

Kwa mafundi wa pale, badiliko lililohitaji kuzoeleka ni namna ya kupima. Multimita ikiwa kwenye miliampea na ukaigusisha kati ya volti 24 na komoni, fyuzi yake imekwenda. Njia salama ni kuiacha kwenye volti na kupima juu ya rezista ya omu 250: volti 1 ni miliampea 4, volti 3 ni 12, volti 5 ni 20. Raha ileile ya zamani, bila kufungua waya.

Jambo jingine la kukumbuka ni kadi ya PLC. Ingizo likiwa bado kwenye mpangilio wa volti, halina ile rezista ya omu 250, na transimita itasukuma volti karibu zote 24 kwenye ingizo. Badilisha mpangilio kwanza, swichi na programu vyote viwili, ndipo uunganishe. Na transimita inayokaa kwenye kichwa cha sensa isigusane na ukuta wa draya. Nyingi zinavumilia hadi nyuzi 85 tu, kwa hiyo tulitumia shingo ndefu ili kichwa kikae mbali na joto.

Baada ya kuwasha, skrini na mshale vilikubaliana ndani ya nyuzi moja au mbili, mota ikawa inasogea na kutulia, na chai ikarudi kwenye unyevu wake. Kiwango kilichowekwa kikabaki 100. Waliokuwa wamezoea kukipandisha hadi 110 ili kufidia walielezwa waache, kwa sababu sasa 110 ni 110 kweli, na chai inaweza kuungua.

Draya ya pili ya kiwanda hicho imefungwa kwa mtindo uleule wa zamani, na itafanyiwa kazi majani yakipungua, miezi ya baridi. Mota ya dampa yake haina swichi ya volti 2–10, kwa hiyo huko rezista peke yake haitatosha. PLC itabidi itoe miliampea 0 hadi 20 kwa ajili ya amri, ambayo juu ya omu 500 ni volti 0 hadi 10, huku sensa ikienda 4 hadi 20 kama hii. Mpaka wakati huo, zamu zote zimeagizwa kusoma mshale wa draya hiyo kila saa na kuuandika kando ya namba ya skrini.